Chatu wako wa kwanza: jenga kichuguu kwanza, nyoka aje baadaye

Huu ni mwaka wa sita nafuga chatu, niko Minnesota, apatimenti ya vyumba viwili, na karibu kila ndugu anayetaka kuanza kufuga swali lake la kwanza huwa nyoka anauzwa wapi na bei gani. Mi namjibu hilo ndo swali la mwisho. Nyoka ananunuliwa mwisho kabisa, nyumba yake ikishakuwa tayari na joto lake limetulia wiki nzima bila kupandapanda, maana shida karibu zote nilizoziona kwa watu wanaoanza, na yangu mimi mwenyewe ikiwemo, zilianzia kwenye nyumba ya nyoka wala sio kwenye nyoka.

Kwanza tuelewane ni chatu yupi

Simzungumzii yule chatu wetu mkubwa wa kule nyumbani, anayemeza swala na mbuzi za watu na kufika mita tano. Huyo sio wa sebuleni hata kama umemuokota akiwa mdogo. Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na Kenya wana ya kwao ya 2013, humkamati ukamweka ndani bila kibali, na akionekana karibu na nyumba unawaita watu wa wanyamapori (TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya) waje wamtoe, basi. Huku Marekani nako huyo huyo chatu mkubwa wa Afrika aliwekwa mwaka 2012 kwenye orodha ya viumbe wasioruhusiwa kuingizwa nchini, pamoja na chatu wa Burma ambaye ameshajaa kwenye mabwawa ya Everglades kule Florida. Kama uko Arusha na unachotaka ni kuwaona tu kwa karibu, pale bustani ya nyoka ya Meserani wapo wa kutosha.

Ninayemwongelea mimi ni Python regius. Waingereza humwita chatu wa kifalme, Wamarekani wanamwita chatu mpira kwasababu akiogopa anajikunja kama mpira na kichwa anakificha katikati. Jike anafika kama sentimita 120 mpaka 150, dume 90 mpaka 105 hivi, hana sumu, mpole, mzito kidogo mkononi kama mkate mkubwa, na ndo anayefaa kwa mtu anayeanza. Ila sheria angalia pia. Hawaii hairuhusu nyoka yeyote yule kufugwa, na miji mingine ina masharti yake, na mkataba wako wa nyumba unaweza kuwa umekataza reptilia hata kama mji unaruhusu. Mwenye nyumba muulize kwa maandishi ujibiwe kwa maandishi.

Na umri. Hapa watu hawafikirii. Huyu anaishi miaka 20 mpaka 30 akitunzwa, na kuna jike pale bustani ya wanyama ya Saint Louis aliyefika hapo mwaka 1961, mwaka 2020 akataga mayai 7 akikadiriwa kuwa na miaka kama 62, tena hajakaa na dume miaka mingi. Kwa hiyo kabla hujaamua jiulize kama umejipanga kuishi naye mpaka mtoto wako wa darasa la kwanza awe na watoto wake.

Hatua ya kwanza: elewa kichuguu

Wenyeji wa nyoka huyu ni mbuga za Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegali mpaka kule kaskazini mwa Uganda. Mchana hutamwona, yuko ndani ya shimo la panya au ndani ya kichuguu, usiku ndo anatoka kuwinda. Sasa wewe uliyekulia kijijini si unakijua kichuguu kilivyo ndani? Giza, joto lisilobadilika hovyo, unyevunyevu, na njia nyembamba zinazombana mwili pande zote. Hivyo vinne ndo kila kitu. Ukisimama mbele ya tenki lako huna uhakika kitu fulani ni sawa au sio sawa, jiulize je kichuguu kiko hivi? Tenki la kioo limewekwa katikati ya sebule, taa inawaka, TV inaunguruma, mapambo mawili matatu na nafasi kubwa tupu katikati, hicho sio kichuguu, hapo ni uwanjani, na nyoka atakaa na hofu masaa 24 halafu utashangaa kwanini hali.

Hatua ya pili: nyumba yenyewe

Kwa mkubwa lenga urefu wa sentimita 120, upana 60, kimo 60. Mdogo anaweza kuanza kwenye dogo lakini mi nashauri ukiweza nunua kubwa mara moja ulijaze vitu vya kujificha, utaokoa hela. Mbele au juu pawe na kufuli au klipu za kubana, huyu anasukuma mfuniko kwa pua usiku kucha na siku ukisahau ndo siku hiyo hiyo anatoka.

Ndani weka mapango mawili yanayofanana, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Yafanane kwasababu yakitofautiana atachagua lile analopenda bila kujali joto, anaweza kukaa kwenye baridi siku nzima kisa tu pango la huko linambana vizuri. Na libane kweli, akijikunja mbavu ziguse kuta. Pango kubwa zuri la kuvutia watu machoni yeye halimsaidii. Alafu katikati jaza magogo, majani ya plastiki, maboksi hata ya viatu yakatwe mlango, ili akitembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine asiwe wazi.

Matandiko ya chini mi natumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanauzwa yamebanwa kama tofali, unaloweka kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yanafumuka. Yanashika unyevu vizuri na hayaozi haraka. Epuka vipande vya mierezi na msonobari, mafuta yake yanamdhuru mapafu. Bakuli la maji liwe zito asipindue, na kubwa kiasi cha kujiloweka akitaka.

Hatua ya tatu: joto, na hapa naomba usinisome haraka haraka

Chatu hana joto lake mwenyewe, analichukua nje. Anapasha mwili akitaka kusaga chakula, anahamia kwenye ubaridi akitosheka, kwa hiyo tenki lazima liwe na pande mbili, sio joto moja kila mahali. Upande wa joto, pale anapolala, iwe nyuzi 31 mpaka 33 za Selsiasi, kwa vifaa vya huku vinavyosoma Farenihaiti ni kama 88 mpaka 92. Upande wa baridi 24 mpaka 27, yani 75 mpaka 80. Usiku isishuke chini ya 22.

Chanzo cha joto kiwe mkeka wa umeme chini ya tenki, au balbu ya seramiki isiyotoa mwanga ikiwa juu na imezungushiwa waya asiiguse, chochote utakachochagua LAZIMA kiende kwenye themostati (kifaa kinachozuia joto lisipite kiwango ulichokiweka). Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Mimi nilipoanza dukani waliniambia mkeka peke yake unatosha, themostati ni ya wafugaji wakubwa, nikaamini nikaokoa dola 40. Wiki ya tatu namnyanyua Shwari (ndo jina lake) naona tumboni pana wekundu, magamba yamekunjamana kama plastiki iliyokaribia moto. Alikuwa ameungua. Nyoka akilalia kitu cha moto hatoki haraka kama sisi tunavyorusha mkono, analala tu pale anaendelea kuungua, na mkeka usiodhibitiwa unaweza kupita nyuzi 45. Daktari alimsafisha akampa dawa ya kupaka, tukamlaza kwenye tishu za jikoni badala ya makumbi ili kidonda kisiingie uchafu, ilichukua kujivua gamba mara mbili mpaka tumbo likarudi kawaida, na bili yake ingetosha themostati sita. Mpaka leo kovu lipo, na kila nikiliona roho inaniuma.

Kwa hiyo nunua themostati yenye waya wa kihisio, kihisio ukiweke pale pale mkeka unapogusa tenki, alafu ukague kwa kipima joto kingine tofauti, usiiamini themostati ijikague yenyewe. Vipima vya kubandika vya duara vyenye mshale usinunue, vinadanganya. Chukua vya dijitali viwili, kimoja kila upande. Mawe ya umeme ya kuotea joto usiyaguse kabisa. Taa nyekundu na za bluu za usiku nazo hazina kazi, usiku ni giza. Mchana mwanga wa kawaida wa dirishani usiompiga jua moja kwa moja, au taa ndogo masaa 12 kwa taima, inatosha.

Unyevu uwe asilimia 55 mpaka 70. Sisi wa kwenye baridi hili ndo jaribu letu kubwa, kuanzia Novemba hita za nyumba zinakausha hewa mpaka geji ya sebuleni kwangu inasoma 20, mdomo wako tu unapasuka sembuse nyoka wa kichuguuni. Kama mfuniko ni wa wavu funika robo tatu kwa foili au kipande cha akriliki, acha upenyo wa hewa. Maji usinyunyize juu juu kila saa, mimina kwenye kona nne za makumbi chini kabisa, juu pabaki pakavu chini pawe na maji maji, ndivyo ardhi ilivyo. Akilala kwenye matandiko yaliyolowa juu anapata vidonda vya tumbo.

Washa kila kitu, acha wiki nzima, andika namba asubuhi na usiku. Zikikaa sawa siku saba ndo unaenda kununua nyoka.

Hatua ya nne: kumchagua

Nunua aliyezaliwa na kukulia kwa mfugaji, sio aliyekamatwa porini wala aliyeanguliwa kwenye mashamba ya Togo, Ghana na Benin kutokana na mayai na majike yaliyotolewa vichuguuni. Nchi hizo tatu zimesafirisha chatu hawa kwa wingi miaka mingi, na hao wanaosafirishwa wanafika wamechoka, wana kupe, wengine wanakataa kula. Jike hutaga mayai machache, sita hivi, kwa hiyo kila anayetolewa kule ana maana. Nikikumbuka kwamba kule Ouidah, Benin, kuna hekalu lao na mtu akimkuta chatu ndani ya nyumba yake anambeba kwa heshima anamrudisha, naona sisi tunaoweka pesa kwenye hii biashara tuna wajibu wa kuuliza nyoka katoka wapi.

Ukimkuta muuzaji, kwenye maonyesho ya reptilia au nyumbani kwake, angalia macho yang'ae (labda kama anakaribia kujivua), pua zisiwe na mapovu, mdomo usiachame, tundu la haja liwe safi, mwili uwe wa mviringo sio uti wa mgongo umechongoka kama paa la nyumba. Pitisha kitambaa cheupe mwilini, ukiona vidoa vyeusi vinatembea hao ni utitiri, achana naye na wenzake wote wa meza hiyo. Omba kumbukumbu za kula: anakula nini, kila siku ngapi, mara ya mwisho lini. Mi ningekataa mtoto ambaye hajala angalau mara tatu au nne kwa huyo muuzaji.

Rangi ni maelfu, wafugaji wanaziita mofu, bei inaanzia dola hamsini sitini mpaka maelfu. Anza na wa rangi ya kawaida, kahawia na nyeusi, mi bado namwona ndo mzuri kuliko wote. Na ile mofu ya spaida, kaa nayo mbali, jeni ile ile inayotoa michoro yake inaharibu mizani ya mwili, nyoka kichwa kinatikisika, wengine wanazunguka wakishindwa kulenga chakula. Kununua ni kuagiza wengine wazaliwe hivyo.

Hatua ya tano: wiki mbili za mwanzo

Ukimfikisha mweke ndani, funga, ondoka. Usimshike, usimpigie picha kwa flashi, usiwaite majirani. Badilisha maji, angalia namba, basi. Funika kioo pande tatu kwa karatasi nyeusi. Najua inauma, umesubiri mwezi mzima na nyoka hata humwoni, lakini nyoka asiyeonekana ni nyoka aliyejisikia salama. Siku ya saba hivi jaribu kumlisha.

Hatua ya sita: kulisha

Anakula panya, mzima mzima na mifupa na manyoya, humo ndo anapata kila kitu. Hakuna nyama ya bucha, hakuna kuku wa vipande. Panya wa kugandishwa wanauzwa kwa saizi, tumia hao badala ya walio hai, panya hai anang'ata, nimeona chatu aliyetobolewa jicho na panya aliyeachwa naye usiku kucha.

Saizi: panya awe mnene kama sehemu nene ya mwili wa nyoka, au kidogo zaidi. Kwa mtoto ni kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake kila siku 7. Akipita gramu 500 hivi sogeza iwe kila siku 10 mpaka 14, mkubwa kabisa kila wiki tatu au nne panya wa asilimia 5 hivi anatosha. Chatu wa ndani wengi wananenepeshwa, wanapata mikunjo ya mafuta mkiani, watu wanadhani afya. Nunua mizani ya jikoni (ya nyoka tu, sio ya unga wa maandazi), mpime kila mwezi uandike kwenye simu.

Kuyeyusha: toa panya kwenye friza jioni, weka kwenye friji mpaka kesho ndani ya mfuko. Kesho usiku tumbukiza mfuko kwenye maji ya moto ya bomba dakika 15 hivi mpaka kichwa cha panya kifike nyuzi 38, mkaushe. Maikrowevu hapana, anaiva ndani na kupasuka. Chatu ana vijitundu mdomoni vinavyohisi joto, panya wa baridi kwake ni jiwe tu. Mshike panya kwa koleo ndefu kiunoni, zima taa, mpeleke taratibu mlangoni mwa pango kama panya anayepita njia, usimsukumie usoni. Akikamata atamzonga, tulia, mtikise panya kidogo kama anapigana, kisha mwache. Asipokula kwa dakika kumi na tano acha panya mlangoni usiku, asubuhi ukimkuta mtupe, usimgandishe tena. Baada ya kula masaa 48 hakuna kumshika, anaweza kutapika, na kutapika kwa nyoka ni jambo zito, akitapika mwache wiki mbili kisha mpe mdogo zaidi.

Sasa tuje kwenye kinachowatesa wote. Amegoma kula. Chatu huyu ndo bingwa wa kugoma, hasa madume kuanzia Novemba mpaka Machi, hata kama ndani hakuna baridi. Shwari mwaka wa pili aligoma miezi minne, nikawa nalala namuwaza, kila siku tatu nampelekea panya, kumbe mimi mwenyewe ndo nilikuwa namzidishia hofu. Utaratibu ni huu: kagua joto na unyevu kwanza, maana mara nyingi jibu liko pale. Kagua mapango kama yanambana. Angalia kama macho yana ukungu, anakaribia kujivua na wengi hawali kipindi hicho. Yote yakiwa sawa mpime uzito, alafu subiri siku 10 mpaka 14 kabla ya kujaribu tena, na katikati usimshike. Kama uzito haushuki na hana dalili nyingine, mara nyingi hana ugonjwa. Ukishuka zaidi ya asilimia 10, au ni mtoto mdogo wa gramu mia na kidogo ambaye amegoma wiki sita, mpeleke kwa daktari. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari, usijaribu mwenyewe hata kidogo.

Hatua ya saba: kumshika

Akishakula mara mbili tatu bila shida anza. Mguse kwanza mgongoni kwa kitu laini, hata karatasi iliyoviringwa, ajue sio chakula kimefika. Muinue katikati ya mwili kwa mikono miwili, usimshike kichwa, usimning'inize. Dakika kumi zinatosha, mara mbili kwa wiki. Akijikunja mpira mrudishe, amekuambia tayari. Akikunja shingo kama herufi ya S na kukukazia macho, mwache.

Akikuuma utashtuka zaidi ya kuumia. Usivute mkono, meno yake yameelekea nyuma utajichana na kumvunja. Mara nyingi anauma na kuachia. Asipoachia mwagia maji ya baridi usoni pake, kisha osha kwa sabuni, na uwe umechanja pepopunda.

Kujivua gamba na ugonjwa

Rangi inafifia, macho yanakuwa ya bluu kama yana maziwa, baada ya siku kadhaa yanang'aa tena, kisha anatoka kwenye gamba lote kwa kipande kimoja kama soksi iliyogeuzwa. Likitoka vipande vipande unyevu ulikuwa mdogo. Muweke kwenye boksi lenye matundu na taulo lililolowa maji ya uvuguvugu nusu saa, litatoka lenyewe. Kipande kilichobaki machoni usikibandue kwa kucha, subiri gamba lijalo ukiwa umepandisha unyevu, kikizidi muone daktari. Daktari mwenyewe mtafute kabla ya kuhitaji, sio kila daktari wa mbwa na paka anajua reptilia.

Dalili za kukimbilia: anapumua mdomo wazi, anakoroma au kutoa mlio kama filimbi, mapovu mdomoni au puani, kichwa kimeinuliwa juu muda wote. Hayo ni mapafu, na hayaponi kwa kusubiri. Utitiri ukiuona kwenye bakuli la maji, toa kila kitu, tupa makumbi, chemsha au tupa mapango, umlaze kwenye tishu za jikoni mpaka daktari akupe dawa sahihi, dawa ya mbu ya kupuliza usithubutu. Na siku utakapoongeza wa pili (utaongeza) mtenge chumba kingine siku 90, na kila mmoja na tenki lake maisha yote.

Usafi ni mwepesi: kinyesi toa siku hiyo hiyo, maji kila siku au kila baada ya siku moja, makumbi yote badilisha kila miezi miwili mitatu.

Watu wa nyumbani

Hapa ndo kwa sisi pana uzito. Utaambiwa unafuga jini, utaambiwa unatafuta utajiri, shangazi atakataa kula kwako. Usimlazimishe mtu kumgusa na usimtoe kushangaza wageni, hofu ya nyoka ya mtu aliyekulia kwenye koboko na swila ni hofu ya maana. Mimi mama mdogo alipokuja kukaa miezi mitatu nilimwambia kabla hajakata tiketi, nikamwonyesha kufuli kwa video, nikahamishia tenki chumbani kwangu na mlango ukafungwa. Mwezi wa pili akaanza kuuliza mwenyewe, baba, nyoka wako amekula?

Ila kuna hatari ya kweli ya kuwaeleza: salmonela. Reptilia anaweza kuwa nayo bila kuumwa, kwa hiyo watoto chini ya miaka 5, wazee zaidi ya 65, na yeyote mwenye kinga dhaifu wasimshike wala kushika vitu vyake. Wengine wote mikono kwa sabuni kabla na baada. Bakuli lake halioshwi kwenye sinki la vyombo, na panya wake wana boksi lao lililofungwa ndani ya friza, au friza yao kabisa.

Akitoroka funga milango, ziba chini ya mlango kwa taulo, tafuta kwenye joto na penye nafasi finyu: nyuma ya friji, chini ya kochi, kabatini kwenye nguo. Tandaza unga kidogo sakafuni usiku, asubuhi utaona alikopita.

Ukisafiri

Desemba tunaenda nyumbani wiki tatu nne, na hapa nyoka anawashinda mbwa na paka wote, mkubwa mwenye afya huvumilia muda huo bila chakula. Mlishe mara ya mwisho wiki moja kabla ya safari, hakikisha amepata haja. Usimsafirishe, kuvuka naye mpaka kunataka vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini) hata akiwa wako. Tafuta mtu mmoja tu unayemwamini aje kila siku mbili tatu. Mi nabandika karatasi kwenye kioo, imeandikwa hivi: badilisha maji. Soma namba mbili hizi unitumie picha. Kushoto isipite 33, ikipita chomoa plagi nyekundu unipigie saa yoyote hata kama huku ni usiku wa manane. Umeme ukikatika zungushia tenki mablanketi, jaza chupa maji ya moto, zifunge kwenye taulo, weka nje ya kioo upande wa kushoto, na usifungue. Usimlishe. Usimtoe. Ukitoka vuta kufuli mara mbili.